Je, Wajua? Dumu la Maziwa Linalolala Kwenye Theluji

Je, wajua kwamba kuna watu wanaosia mbegu mwezi Januari, kipimajoto kikiwa chini ya sifuri, kisha wanatoa kitalu nje na kukiacha kifunikwe na theluji? Wala si wazimu. Kaskazini mwa Marekani na nchini Kanada, wapenda bustani wengi hufanya hivyo kila mwaka, na kitalu chenyewe ni dumu tupu la maziwa lililonusurika kutupwa.

Je, wajua aliyeipa njia hii umaarufu? Ni Trudi Davidoff wa Long Island, New York. Mbegu zilikuwa nyingi na nafasi ndani ya nyumba ilikuwa finyu, akaamua kuzihamishia nje kwenye vyombo vilivyofunikwa. Hakuna taa, hakuna umeme, hakuna trei zilizobanana dirishani hadi mapazia hayafungiki.

Je, wajua kwamba kwa mbegu nyingi za nchi hizo, baridi ndiyo ufunguo? Chukua asklepia, ua la porini la Marekani lenye utomvu mweupe. Mbegu yake hukomaa mwisho wa kiangazi. Ingeota hapo hapo, jalidi ingeukuta mche una majani mawili tu na kuumaliza. Kwa hiyo mbegu imejifungia mlango. Ndani yake mna homoni iitwayo asidi ya absisiki, na hiyo huizuia kuota hata uimwagilie maji asubuhi na jioni. Wiki kadhaa za baridi yenye unyevu huipunguza homoni hiyo, kisha nyingine, jiberelini, hushika usukani. Ni kama mbegu imehesabu siku na kuridhika kwamba kipupwe kimepita. Asklepia huhitaji takriban siku 30 za namna hiyo, na mbegu ya tufaha kati ya 60 na 90. Lakini iwe baridi yenye unyevu. Mbegu iliyolala kwenye bahasha kavu ndani ya friji huendelea kulala.

Je, wajua kwamba kuzipitisha mbegu kwenye baridi hiyo wataalamu hukuita stratifikesheni, neno lenye maana ya kupanga matabaka? Zamani watu walipanga mbegu na mchanga mbichi sandukuni, tabaka juu ya tabaka, wakaziacha zipigwe na baridi hadi majira yageuke. Dumu la maziwa limerithi kazi ya sanduku hilo.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane kabla hatujashika mkasi. Wengi wanaoanza hutafuta chombo cha kuikinga mbegu na baridi: wanakifunga blanketi, wanakiingiza banda la gari, usiku unapokuwa mkali wanakirudisha jikoni. Wamekosea kazi ya chombo. Chombo kizuri ni kile kinachoruhusu baridi iingie, mwanga uingie, maji yaingie na kutoka, kikawazuia ndege, panya, upepo na mvua kubwa inayochimbua udongo. Ni ua wa kuzungushia mbegu, si nyumba. Ukishika hilo, hata ukiokota chombo ambacho hakuna aliyewahi kukiandikia maelezo, utajua kama kinafaa.

Je, wajua dumu hilo lina ukubwa gani? Galoni moja ya Kimarekani, yaani lita 3.8 hivi. Ni jeupe lakini si jeupe kabisa: ukilikata katikati, ukaingiza mkono, unaona kivuli cha vidole vyako kwa nje. Weupe huo wa ukungu ndio siri yake. Jua la mwezi Machi likipiga, mwanga hutawanyika ndani badala ya kuchoma mahali pamoja.

Je, wajua namna ya kulikata? Lisimamishe mbele yako, mpini ukielekea upande wa pili. Pima kimo cha vidole vinne au vitano kutoka kitakoni, toboa kwa ncha ya kisu, kisha zungusha mkasi kulia na kushoto, lakini usifike kwenye mpini. Acha kipande cha upana wa vidole vitatu pale chini ya mpini bila kukikata. Hicho ndicho bawaba. Dumu sasa linafunguka kama sanduku na kujifunga lenyewe. Geuza kitako juu, toboa matundu sita au manane, kisha mengine mawili matatu ubavuni, juu kidogo tu ya kitako, kwa kuwa madumu mengi yana kitako kilichobonyea na maji hujificha pembeni. Jaza udongo kina cha sentimita 7 hadi 10, uloweshe mpaka maji yatiririke chini, sia, funga, zungushia tepu pale palipokatwa.

Kizibo? Kitupe. Si kukilegeza: kitupe. Shingo iliyo wazi ndiyo dirisha la kuingizia mvua na theluji na la kutolea joto. Dumu lililozibwa, likipigwa na jua la Februari, hugeuka sufuria, na mbegu iliyodanganywa na joto la mchana huota mapema na kukutwa na usiku.

Je, wajua kwamba msumari uliopashwa moto hutoboa plastiki vizuri kuliko kisu, na hautelezi kukukata kiganja? Shida ni moshi. Fanyia nje. Na plastiki yenye namba 3, ambayo ni PVC, usiipashe moto kabisa: ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi, na hiyo ikikutana na maji ya puani mwako huwa asidi.

Namba gani hizo? Je, wajua kwamba ile pembetatu ya mishale iliyo chini ya chombo haikuahidi popote kwamba chombo kitarejelezwa? Alama hizo zilianzishwa mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani ili kutaja aina ya plastiki, basi. Kwa msia mbegu zina faida nyingine. Namba 1 ni PET, ya chupa za soda na maji, angavu kama kioo. Namba 2 ni HDPE, ya dumu la maziwa. Namba 5, polipropilini, ni ya makopo ya mtindi, magumu na ya kudumu, lakini mengi hayapitishi mwanga. Namba 6 ni polistirini: ikiwa ngumu hupasuka vipande kwenye baridi kama ganda la yai, na ikiwa povu ndiyo yale maboksi meupe ya kubebea samaki.

Maboksi hayo ya samaki, kwa kweli, si mabaya hata kidogo. Yana kina, na kuyatoboa ni kazi ya dakika moja. Kasoro ni kifuniko, kwa sababu mwanga haupiti. Kata dirisha kwenye kifuniko, ubandike nailoni angavu, utoboe matundu. Harufu ya samaki huisha, ila paka wa jirani atachelewa kuamini.

Je, wajua kwamba chupa ya PET ya soda ilisajiliwa kwa hataza mwaka 1973 na Nathaniel Wyeth, mhandisi wa kampuni ya DuPont na kaka wa mchoraji Andrew Wyeth? Kabla ya hapo alijaza soda ya tangawizi kwenye chupa ya plastiki ya sabuni, akaiweka kwenye friji alale aone. Asubuhi aliikuta imefura. Chupa aliyokuja kuitengeneza ilivumilia msukumo wa gesi. Leo ile ya lita 2, ikikatwa, huwa kitalu kizuri cha miche michache. Ila kwa kuwa ni angavu mno, hupata joto upesi kuliko dumu la maziwa. Iweke mahali ambapo jua la mchana halipigi moja kwa moja, au iongezee matundu ya juu.

Je, wajua kwamba Ontario na Quebec maziwa mengi huuzwa kwenye mifuko? Mifuko mitatu ya lita 1.33 ndani ya mfuko mmoja mkubwa, jumla lita 4. Kwa hiyo Mkanada wa huko anayesoma maelezo ya Wamarekani hubaki anauliza: dumu nilitoe wapi? Jibu ni madumu ya maji ya kunywa, ya siki, au ya juisi, almradi mwanga unapita.

Uingereza nako chupa ya plastiki ya painti 4, lita 2.27, hufanya kazi ile ile. Kwa miaka mingi rangi ya kizibo ilimwonyesha mnunuzi mafuta yaliyomo: buluu maziwa kamili, kijani yaliyopunguzwa, nyekundu yasiyo nayo. Mbegu hazijali, mradi umesuuza. Usiposuuza, dumu litanuka, na siku ya kulifungua utajuta.

Je, wajua kwamba maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9? Hilo ndilo linalokitoa chungu cha udongo mashindanoni. Chungu hunywa maji kwenye vinyweleo vyake, maji yanaganda usiku, na asubuhi ukuta wake umebanduka maganda kama kitunguu. Mtungi wa kioo uliojaa udongo mbichi hali yake ni mbaya zaidi: hupasuka, na vigae vyake utavipata kwa kidole mwezi Mei. Plastiki ya dumu hunyumbuka. Udongo ukivimba nayo inavimba, ukirudi nayo inarudi.

Kuganda na kuyeyuka huko kuna kazi nyingine. Udongo unaopanda na kushuka usiku na mchana huikumbatia mbegu, na ganda gumu la mbegu hulegea taratibu. Wenye haraka hulikwaruza kwa msasa. Dumu halina haraka.

Trei za mayai za karatasi na vigogo vya karatasi ya chooni? Picha zake hupendeza. Ndani ya nyumba, kwa wiki tatu, sawa. Nje, kwa miezi mitatu ya mvua na theluji, huwa uji. Usizipoteze mbegu zako.

Visanduku angavu vya plastiki vinavyouziwa stroberi au keki vinanipa mashaka pia. Mwanga upo, kifuniko kipo, hata matundu wakati mwingine yapo tayari. Kinachokosekana ni kina. Udongo wa sentimita 3 hukauka kwa siku moja ya upepo, na hakuna theluji itakayowahi kuuokoa. Tena mche ukifikisha kimo cha kidole unagonga paa. Ukiwa nacho kirefu, cha kuku wa kuoka kwa mfano, kitumie. Kile kifupi mwachie mwenye stroberi.

Je, wajua adui mkubwa wa chombo cha nje? Si baridi. Ni maji yaliyokosa pa kutokea. Chombo kisicho na matundu ya kutosha hujaa theluji iliyoyeyuka, mbegu zinazama, na ifikapo Aprili ukiufukua udongo unanuka kama kinamasi. Mwaka wangu wa kwanza nilitoboa matundu matatu kwenye kila chombo nikaona nimetimiza wajibu. Katika vyombo kumi, vinne vilinirudishia matope. Sasa nikimaliza kutoboa namwaga kikombe cha maji, nahesabu hadi kumi. Kama bado yapo ndani, naongeza.

Na udongo wenyewe usichote shambani. Udongo wa shamba ndani ya dumu hushindiliwa na mvua ukawa tofali. Tumia mchanganyiko mwepesi wa vitalu, wenye mboji.

Je, wajua kwamba wino wa maka peni, pamoja na jina lake la kutofutika, hufutwa na jua? Mwezi wa nne unabaki na madumu ishirini meupe yasiyo na hata herufi, na miche ya kabichi na ya brokoli ikiwa midogo ni mapacha. Penseli ya kawaida hudumu zaidi, kwa kuwa risasi yake ni grafiti, na grafiti haipauki kwa jua. Kata vijiti kutoka kopo la mtindi, andika kwa penseli, chomeka ndani ya udongo. Mwenye wasiwasi aandike tena kitakoni, upande usiopigwa na jua.

Tepu ya karatasi hubanduka wiki ya pili. Tumia ile nzito ya kijivu ya mafundi.

Je, wajua kwamba theluji ni blanketi? Theluji mpya sehemu yake kubwa ni hewa iliyonaswa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri, dumu lililozikwa kwenye theluji halipati misukosuko ya dumu lililo wazi barazani. Kwa hiyo usiende kuifagia ukidhani unaisaidia mbegu.

Je, wajua kwamba wazo la kuiweka mimea ndani ya kitu angavu kilichofungwa lilipata umaarufu kwa ajili ya nondo? Mwaka 1829 daktari wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, aliweka pupa wa nondo kwenye chupa ya kioo yenye udongo mbichi, akaifunika, akasubiri nondo atoke. Alichokiona kwanza ni chipukizi za kangaga na nyasi. Nje, kangaga zake zilikuwa zikifa kwa moshi wa makaa ya mawe. Humo chupani zilistawi, maji yakipanda kama mvuke na kuteremka kama umande. Akatengeneza masanduku ya kioo. Mwaka 1833 aliyapakia melini kwenda Sydney, mimea ikafika hai. Mimea mingine iliyopakiwa kwenye safari ya kurudi London ilizunguka Cape Horn, sitaha imejaa theluji, ikavuka ikweta kwenye joto kali, nayo ikafika. Baadaye mkusanyaji wa mimea Robert Fortune alitumia masanduku ya aina hiyo kuhamisha maelfu ya miche ya chai kutoka China kwenda India.

Ukitaka kujua safari za mimea zilikuwa na hatari gani, uliza Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai Afrika Mashariki ni 62, na kwa miche hiyo 62 kilimo cha mkonge kikaanza.

Je, wajua kwamba mbegu za baadhi ya saladi huhitaji kuuona mwanga ndipo ziote? Mwaka 1952, huko Beltsville, Maryland, watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani walionyesha kwamba mwanga mwekundu huiamsha mbegu ya saladi, na mwekundu wa mbali, ule ulio ukingoni mwa uwezo wa macho yetu, huilaza tena. Ukiamsha na kulaza mara kadhaa, mbegu hufuata amri ya mwisho. Kwa hiyo saladi usiifukie. Imwage juu ya udongo, uibonyeze kwa kiganja, ufunge dumu. Chombo cheusi hapa hakina nafasi.

Je, wajua ni zipi za kusia kwanza? Maua ya kudumu na ya porini yanayohitaji baridi, kama asklepia na ekinasia, huingia nje kuanzia mwisho wa Desemba. Mboga zinazovumilia baridi, yaani kabichi, spinachi, saladi na kale, zinaweza kusubiri Februari au Machi. Nyanya zije mwisho, baridi ikianza kuaga.

Na sukuma wiki? Imo kwenye kundi la wavumilivu. Mama wa Kikenya aliye Minnesota anaweza kuisia Machi ndani ya dumu, theluji ikiwa bado uani. Mchicha ni habari nyingine. Terere kwa Wakenya wengi, lengalenga kwa Wakongo, jina lolote utakaloliita, huo ni mmea wa joto. Ukiusia mapema kwenye baridi haupati faida yoyote ya baridi; unakaa tu ukisubiri, na mche ukichomoza jalidi moja inauangusha. Subiri Mei. Haya si mambo ya nadharia kwa wasemaji wa Kiswahili walioko Marekani. Mji wa Lewiston, jimboni Maine, una jamii ya Wabantu wa Somalia wanaolima mahindi na mboga, na miongoni mwa Wabantu hao wa Somalia wapo wenye asili ya Wazigua wa Tanganyika wanaozungumza Chizigula hadi leo. Msimu wa kulima wa Maine ni mfupi. Kila wiki anayoipata mtu kabla ya Mei ina thamani.

Je, wajua kwamba kipepeo monaki hutaga mayai kwenye asklepia tu? Viwavi wake hawali kitu kingine. Kwa hiyo madumu mengi unayoyaona barazani majira ya baridi hayana mboga ndani. Yana chakula cha viwavi, kwa ajili ya vipepeo ambao kipupwe hicho wako milimani Mexico.

Je, wajua kwamba miche ya dumuni haihitaji kuzoeshwa jua? Ile iliyolelewa ndani ya nyumba hutolewa nje saa moja leo, mawili kesho, kama mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka wodini, na ukiharakisha majani yanababuka. Mchelea mwana kulia, hulia yeye. Ya dumuni imezaliwa na upepo na jua. Ni mifupi, shina nene, wala haijui kubembelezwa. Hata kinyausi, ule ugonjwa unaolegeza shina pale linapogusana na udongo, huipata mara chache, kwa sababu hewa inazunguka.

Usifikiri inatangulia, lakini. Ile ya ndani huwa mirefu zaidi ifikapo Mei, na jirani atakucheka. Mwache.

Siku ya kuhamisha, fungua dumu, toa udongo wote ukiwa kipande kimoja, uukate vipande kama unavyokata kashata. Kila kipande na kundi lake la miche kinakwenda shimoni. Hakuna haja ya kuchambua mzizi mmoja mmoja.

Je, wajua kwamba Wangari Maathai, alipoanza kazi ya kupanda miti ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, hakuanza na vitalu vya kisasa? Wanawake wa vijijini walisia mbegu kwenye vyombo walivyokuwa navyo, vikiwemo vyungu vilivyovunjika. Huko hakukuwa na theluji ya kupasua chungu, na hilo linatosha kukuonyesha kwamba chombo huchaguliwa kwa hali ya hewa ya mahali. Chungu kinachoangamia Minnesota kilifaa kabisa Kenya.

Basi msomaji wa Mombasa au Tabora afanye nini na habari hizi? Dumu lenye paa halina kazi kwako, litapika miche. Kata chupa nusu, toboa chini, weka kivulini, mwagilia. Lakini kama uko Lushoto au Njombe, ambako matufaha huzaa, na unataka kuotesha mbegu za tunda ulilokula, kipupwe unacho jikoni. Funga mbegu kwenye kitambaa chenye unyevu, tia kwenye kopo la mtindi lenye kifuniko, weka kwenye friji miezi miwili hadi mitatu, ukikagua kitambaa kisikauke. Ila mti utakaoota hautazaa tunda lile lile ulilokula. Tufaha halifuati mama yake, na ndiyo maana wakulima huunganisha vikonyo.

Je, wajua dumu hudumu misimu mingapi? Usitarajie zaidi ya mmoja au miwili. Miale ya jua huivunja HDPE nyembamba, na siku moja unashika mpini unabaki mkononi. Likianza kukatika kama kaukau, vipande hivyo vitaishia kwenye udongo ule ule unaolima. Kwa hiyo ukimaliza kuhamisha miche mwezi Mei, ng'oa tepu, suuza, ulipeleke kwenye pipa la kurejelezwa likiwa bado zima. Maziwa mapya yapo dukani.

Na je, wajua jaribio la mbegu la muda mrefu kuliko mengi yaliyowahi kufanywa linafanyika kwenye chupa? Mwaka 1879 William James Beal, mwalimu wa botania huko Michigan, alijaza chupa 20 za kioo mchanga mbichi na mbegu za mimea 21, mbegu 50 za kila mmoja, akazizika kwenye ardhi ya chuo alikofundisha. Hakuziziba. Alizilaza midomo ikielekea chini ili maji yasijae ndani. Hata yeye, utaona, tatizo lake la kwanza lilikuwa lile lile la maji. Alitaka kujua mbegu za magugu hukaa ardhini muda gani kabla ya kufa. Hapo mwanzo chupa moja ilifukuliwa kila baada ya miaka mitano, baadaye kumi, sasa ishirini. Walinzi wa siri ya mahali zilipo hupokezana, mwalimu mzee akimwonyesha kijana. Mwaka 2021 waliifukua moja usiku, wakimulika kwa taa ya kijani, ili mwanga wa jua usiziamshe mbegu kabla ya wakati. Baada ya zaidi ya miaka 140 ardhini, mbegu za mmea mmoja, Verbascum blattaria, ziliota. Zimebaki chupa nne. Inayofuata itafukuliwa mwaka 2040, na ya mwisho mwaka 2100.